Mzee aliyebeba ligi nzima kichwani

Likizo iliyopita, mwalimu mmoja ambaye ni rafiki yangu wa siku nyingi aliwapa wanafunzi wake kazi iliyoonekana nyepesi. Kila mmoja alitakiwa amwendee mzee wa kwao, azungumze naye, kisha aandike kurasa mbili za yale aliyosimuliwa. Shule zilipofunguliwa, mvulana mmoja alileta karatasi yenye mistari minne tu. Palikuwa na jina la babu yake, jina la kijiji, mwaka wa kuzaliwa (hapo aliandika “hakumbuki”), na mwisho kabisa maneno haya: “Babu hana historia.”

Mwalimu alinionyesha karatasi ile akicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeibeba sentensi ile kama kijiwe ndani ya kiatu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafutia jibu. Nimelipata mbali sana na kijiji cha mvulana yule, katika mazungumzo ya mwandishi mmoja wa Marekani na mzee wa miaka 93 aliyepata kuwa mchezaji wa besiboli. Wasomaji wangu walio walimu watanivumilia nikiwapeleka huko, na wanafunzi wasiogope: mchezo wenyewe nitaueleza kwa maneno machache.

Mwandishi huyo ni Joe Posnanski, ambaye wakati huo alikuwa na safu ya michezo katika gazeti la Kansas City Star. Mzee ni John Jordan O'Neil, ambaye Marekani nzima ilimwita Buck. Katika mwaka wa 2005 wawili hao walisafiri pamoja kwa muda wa mwaka hivi, mji hata mji, wakipitia viwanja vya ndege, mahoteli, shule, makumbusho na viwanja vya michezo. Kila walipofika mzee alisimulia, na kijana akaandika. Kitabu kilichotokana na safari hiyo, The Soul of Baseball, kilitoka mwaka 2007. Mzee hakukiona. Alikuwa amefariki tarehe 6 Oktoba 2006, zikiwa zimesalia wiki chache tu kabla hajatimiza miaka 95.

Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Mtupaji huuvurumisha mpira kwa kasi, mpigaji hujaribu kuupiga, na akiupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne. Ukivuka ua wa uwanja, basi shangwe huwa haina kifani. Wamarekani huuita mchezo wa taifa lao. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi mwaka 1947, sehemu moja ya taifa hilo haikuruhusiwa kuucheza katika ligi kuu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu, kimya kimya, kwamba mtu Mweusi hasajiliwi. Ubaguzi wa namna hii ndio mgumu kuuthibitisha mahakamani, kwa kuwa hauachi karatasi.

Weusi hawakukaa kitako wakalia. Mnamo Februari 1920, mtupaji hodari na mfanyabiashara aitwaye Rube Foster aliwakutanisha wenye timu za Weusi katika jengo la YMCA mjini Kansas City, wakaanzisha ligi yao. Zikafuata nyingine. Timu kama Kansas City Monarchs na Homestead Grays zilijaza viwanja, na Jumapili watu walikwenda kuzitazama wakiwa wamevaa nguo zao za kanisani. Ila magazeti ya Wazungu hayakuandika habari zao isipokuwa kwa nadra. Magazeti ya Weusi, mathalani Chicago Defender na Pittsburgh Courier, yaliandika, lakini hayo yalitoka mara moja kwa wiki na hayakuweza kuwa kila mahali. Timu hizo zilicheza mechi nyingi katika vijiji visivyokuwa na mwandishi wala mhesabu mabao. Mpira uliruka, watu wakashangilia, vumbi likatua, basi.

Kwa hiyo historia ya ligi hizo ilibaki wapi? Ilibaki vichwani mwa waliocheza. Na kadiri walivyozidi kufa, ndivyo ilivyozidi kukusanyika katika kichwa kimoja.

Buck O'Neil alizaliwa tarehe 13 Novemba 1911 huko Carrabelle, jimbo la Florida. Babu yake alipata kuwa mtumwa. Alikulia Sarasota, na akiwa bado mvulana alifanya kazi katika mashamba ya selari, mboga ile yenye mashina marefu ya kutafunwa. Alibeba makasha mazito chini ya jua kali la Florida. Alipozeeka alipenda kusimulia siku moja ya joto kali, alipoketi nyuma ya makasha hayo akajisemea kwa sauti kwamba lazima duniani kuwe na kazi iliyo bora kuliko hii. Baba yake alikuwa upande wa pili, akasikia. Jioni hiyo mtoto alitazamia kuchapwa kwa kutukana mbele ya mzazi. Baba alimwambia tu kwamba ni kweli kazi iliyo bora ipo, ila hapa hutaipata. Lazima uende kuitafuta.

Kwenda wapi? Shule ya upili ya Sarasota ilikuwa ya Wazungu. Mtoto Mweusi aliyemaliza darasa la nane katika mji huo alikuwa amefika mwisho wa dunia. Ilimbidi kijana huyo aende hadi Jacksonville, katika chuo cha Edward Waters, ili apate masomo ambayo wenzake Weupe waliyapata kwa kutembea mitaa michache tu. Wazee wetu waliosoma kabla ya uhuru hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Wao wanazikumbuka vyema shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na ua wake, na kila moja na fedha zake kutoka hazina ya serikali.

Mwaka 1995 shule ile ya Sarasota ilimwita O'Neil, ikamtunukia cheti cha kumaliza masomo. Alikuwa na miaka 83. Alikipokea kwa furaha isiyo na kinyongo. Mkewe, Ora, ambaye alikuwa mwalimu, bado alikuwa hai; alifariki miaka miwili baadaye.

Kuna kipande cha maisha yake ambacho msomaji wa Afrika hawezi kukipita haraka. Katika miaka ya 1930, kabla hajatulia na Monarchs, O'Neil alichezea kwa muda mfupi timu iliyojiita Zulu Cannibal Giants, yaani Majitu ya Kizulu yanayokula watu. Wachezaji walivaa sketi za nyasi, wakajipaka rangi usoni, wakapewa majina ya kubuni yanayodaiwa kuwa ya Kiafrika, kisha wakaingia uwanjani kuwachekesha watazamaji. Malipo yalikuwa mazuri kuliko ya timu nyingi zenye heshima. Hebu tafakari: kijana ambaye babu yake alitenganishwa na Afrika kwa minyororo anavikwa majani ili amwigize Mwafrika asiyepata kuishi popote isipokuwa katika mawazo ya wenye kulipa kiingilio. Alipozeeka O'Neil alikiri kwamba ilikuwa fedheha. Hakuificha habari hiyo, wala hakuwatupia wengine lawama. Alikuwa na njaa, kulikuwa na mpira wa kucheza, akacheza.

Mwaka 1938 aliingia Monarchs, na huko ndiko alikokutana na Satchel Paige, mtupaji ambaye wengi waliomwona wanashikilia kwamba hakupata mfano wake. Sehemu kubwa ya simulizi za mzee ni za Paige. Nyingine ni za kuchekesha. Paige alikuwa na mchumba, lakini safarini alimpenda msichana aitwaye Nancy, akamwalika Chicago. Msichana akaja, akapewa chumba hotelini. Mara teksi ikasimama mlangoni, akashuka mchumba wa haki. O'Neil, aliyekuwa ameketi nje, alifanya hima akamhamishia Nancy chumba cha jirani na chake. Usiku wa manane Paige akatoka kunyata, akagonga mlango huo akinong'ona, “Nancy! Nancy!” Akasikia nyuma yake mlango wa mchumba unafunguka. O'Neil akaruka kitandani, akafungua mlango wake, akaitika: “Naam Satchel, wataka nini?” Paige, bila kupepesa jicho, akamwambia, “Ah, Nancy, kumbe uko hapa! Kesho mechi inaanza saa ngapi?” Tangu usiku huo hadi alipokufa mwaka 1982, Paige hakumwita O'Neil kwa jina jingine ila Nancy.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wataitambua mbinu. Mzee hakuisimulia habari hiyo mara moja. Aliisimulia kwa miaka na miaka, na hadhira iliposhangilia mahali fulani, alijua pa kutua na pa kuharakisha. Kulikuwa pia na chuku. Ilisemwa kwamba mkimbiaji Cool Papa Bell alikuwa mwepesi kiasi kwamba aliweza kuzima taa na kuingia kitandani kabla chumba hakijawa giza. Mtu mwenye akili kavu atasema huo ni uongo. Kumbe, kama Bell mwenyewe alivyoeleza, swichi ya chumba kimoja cha hoteli ilikuwa mbovu, ikichelewa kidogo kuzima taa, naye akaitumia kumchezea Paige shere. Chuku ilikuwa na waya wake wa umeme ndani ya ukuta.

Nyingine si za kuchekesha. Siku moja timu ilikuwa Charleston, South Carolina, vyumba vya hoteli vikiwa havijawa tayari. Paige akamwambia, “Nancy, twende matembezi.” Wakaenda mahali paitwapo Drum Island, ambako, kama mzee alivyosimulia, watumwa walikuwa wakipigwa mnada. Wanaume wawili waliokuwa hodari wa maneno kuliko wote katika ligi walisimama hapo kimya kwa muda wa dakika kumi hivi. Hatimaye Paige akasema anahisi kama aliwahi kufika pale zamani. O'Neil akamjibu kwamba hata yeye anahisi vivyo hivyo. Wakarudi.

Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka Unguja, kanisa lile la Mkunazini lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na kengele ya Frere Town kule Kisauni, Mombasa, kwenye makazi ya watumwa walioachiliwa huru. Nimewapeleka wanafunzi huko zaidi ya mara moja. Hupiga picha, hununua aiskrimu, hurudi garini. Siwalaumu, sisi walimu wao huwa tunaongea muda wote, na hatujawapa hata dakika moja ya kunyamaza, seuze kumi.

Lakini je, simulizi ya mzee ni ushahidi? Mwalimu yeyote wa historia ataniuliza, na ana haki. Nitatoa mfano mmoja ambao O'Neil aliupenda. Monarchs walikuwa na desturi ya kununua petroli katika kituo kimoja huko Oklahoma, ambacho kilipokea fedha zao lakini hakikuwaruhusu kutumia choo. Mwaka 1945 timu ilikuwa na kijana mgeni aliyetoka jeshini, Jackie Robinson. Basi liliposimama, Robinson akashuka kuelekea chooni. Mwenye kituo akamkataza. Robinson akamwambia basi atoe paipu kwenye tangi, hawatanunua petroli yake. Basi lile lilikuwa na matangi mawili makubwa. Mwenye kituo akapiga hesabu, akaona choo ni rahisi. Tangu siku hiyo wachezaji wakakata shauri: pasipo na choo, hapana petroli. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Aprili 1947, Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, na ukuta wa rangi katika ligi kuu ukabomoka.

Sasa angalia: O'Neil hakuwamo ndani ya basi hilo. Kuanzia 1943 hadi 1945 alikuwa katika jeshi la wanamaji. Habari hiyo aliisikia kwa wenzake. Mwanafunzi mwerevu ataandika pembeni, “shahidi wa kusikia,” na atakuwa amefanya vyema. Lakini asiishie hapo akaitupa. Ajiulize kwa nini, miongoni mwa mambo elfu aliyosikia, hili ndilo timu nzima iliamua kulihifadhi na kulipitisha kwa asiyekuwapo. Hilo nalo ni ushahidi, ingawa si wa tarehe na saa.

Naye Posnanski hakuketi mbele ya mzee na orodha ya maswali. Alibeba mizigo, akangojea ndege pamoja naye, akamsikiliza akisimulia habari ileile kwa mara ya ishirini, akaona jinsi alivyowakumbatia watu asiowajua. Maswali yalizaliwa njiani. Siku moja walikuwa uwanjani Houston, mchezaji akautupa mpira kwa watazamaji. Mwanamume mmoja akaudaka mbele ya mtoto aliyekuwa ameutazamia, akafurahi nao peke yake. Posnanski akakasirika. Mzee akasema huenda ana mtoto nyumbani. Mwandishi akauliza: kama ana mtoto, mbona hakumleta? Mzee akajibu kwamba labda mtoto ni mgonjwa. Mwandishi akaishiwa na hoja. Mazungumzo hayo mafupi yananieleza mengi kuhusu O'Neil kuliko takwimu zake zote. Mahojiano ya ofisini yasingaliyatoa.

Kuna simulizi yake nyingine ambayo sitaki kuiacha, nayo ni ya sauti. Alisema kwamba katika maisha yake aliisikia mara tatu sauti ya gongo likigonga mpira ambayo haikufanana na nyingine yoyote. Mara ya kwanza alikuwa mtoto Sarasota, nje ya ua, akakimbia kuchungulia: alikuwa Babe Ruth, Mzungu aliyekuwa mfalme wa mchezo. Mara ya pili alikuwa mtu mzima, akatoka mbio katika chumba cha kuvalia kutazama: alikuwa Josh Gibson, Mweusi, ambaye hakuruhusiwa hata siku moja kucheza ligi kuu, na ambaye alikufa Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia. Mara ya tatu alikuwa mzee, Kansas City, mwaka 1986: kijana aitwaye Bo Jackson. Sauti moja, vifua vitatu. Mimi sijui kama kuna hoja fupi na kamili dhidi ya ubaguzi wa rangi kuliko hiyo, na aliyeitoa hakusema hata mara moja kwamba anatoa hoja.

Baada ya kuwa meneja wa Monarchs kuanzia 1948 hadi 1955, O'Neil aliajiriwa na Chicago Cubs kutafuta vipaji. Ernie Banks alikuwa amepitia mikononi mwake. Lou Brock alisajiliwa naye. Mwaka 1962 Cubs walimfanya kocha, Mweusi wa kwanza kushika cheo hicho katika ligi kuu. Magazeti yaliandika, picha zikapigwa. Lakini hakupewa nafasi ya kusimama kwenye mstari wa uwanja na kuwaelekeza wakimbiaji wakati wa mechi. Cheo alipewa, kazi yake akanyimwa. Wako wasomaji wangu wengi wanaoujua mtindo huo bila kufika Chicago.

Mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa walioanzisha makumbusho ya ligi za Weusi huko Kansas City. Mgeni akiingia anauona uwanja wenye sanamu za mashujaa, lakini kati yake na uwanja kuna wavu wa waya kama wa kuzungushia kuku. Ni lazima azunguke kwanza historia yote, chumba baada ya chumba, ndipo aruhusiwe kusimama kati yao. Mwaka 1994 filamu ya Ken Burns kuhusu besiboli ilionyeshwa katika televisheni, na taifa likamsikia mzee huyo akisimulia. Alikuwa na miaka 82, na ndipo alipokuwa maarufu.

Basi ikafika Februari 2006. Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli ulioko Cooperstown, New York, ulikuwa umeunda kamati maalumu ya watu 12 ili kuwachagua waliosahauliwa wa ligi za Weusi na enzi zilizotangulia. Wateule walihitaji kura 9. Walichaguliwa watu 17, akiwamo mwanamke wa kwanza katika ukumbi huo, Effa Manley. Wote 17 walikuwa marehemu. O'Neil, aliyeingoja habari hiyo pamoja na rafiki zake katika makumbusho yake, hakuchaguliwa. Ilisemwa amekosa kura moja. Kura zilikuwa za siri na sababu hazikutolewa.

Alipoambiwa, swali lake lilikuwa: nani atakayewasemea hao 17 siku ya sherehe? Akajitolea mwenyewe. Tarehe 30 Julai 2006 alisimama Cooperstown, akiwa na miaka 94, akawasemea wafu walioingia mahali alipozuiwa yeye. Akasema kwamba hakufunzwa kuchukia. Akichukia, anachukia saratani, iliyomwua mama yake na mkewe. Na hapo akachomekea mzaha kwamba sasa hana mke, akina mama wasikie. Kisha akawafanya maelfu ya watu washikane mikono na kuimba.

Hapa natofautiana na wengi wanaomsifu. Ukunjufu wa O'Neil umegeuzwa kuwa dawa ya kuwatuliza waliomkosea. Mzee asiyelalamika hupendwa sana, hasa na mwenye deni. Watu husema, “Tazama, hana uchungu,” na kwa maneno hayo wanajiandikia risiti. Lakini msikilize vizuri. Shule iliyomfungia mlango aliitaja. Mashamba ya selari aliyataja. Choo cha Oklahoma, sketi za nyasi, hoteli zilizowakataa, yote aliyataja, tena kwa majina na mahali, kwa zaidi ya miaka kumi mfululizo mbele ya yeyote aliyekubali kuketi. Mtu aliyesamehe kwa kusahau hawezi kufanya hivyo. Huyu hakusahau neno hata moja. Alichokataa ni chuki tu, na wasikilizaji wavivu wakadhani amekataa na madai.

Nina kosa la kuungama. Niliposoma habari hizi mara ya kwanza nilikereka naye. Nilitaka asimame Cooperstown awakaripie. Nilikuwa kama Posnanski kule Houston, nikimtaka mzee akasirike kwa niaba yangu.

Kamati ilipima takwimu. Takwimu za O'Neil mchezaji zilikuwa nzuri, si za ajabu. Lakini hapakuwa na safu ya kuandikia kazi ya kutafuta vipaji, wala ya kujenga makumbusho, wala ya kubeba majina ya wafu kutoka mji mmoja hadi mwingine. Kisichokuwa na safu hakihesabiki. Nashuku ndivyo alivyofanya mvulana wetu na karatasi yake ya mistari minne: aliuliza jina, kijiji, mwaka, mzee hakuwa na mwaka, basi hakuwa na historia.

Mengine yalikuja baada ya mazishi. Desemba 2006 nishani ya rais ya uhuru, iliyo kubwa kuliko zote kwa raia wa Marekani, ilipokelewa na ndugu yake. Desemba 2020 wasimamizi wa ligi kuu walitamka kwamba ligi saba za Weusi za kati ya 1920 na 1948 nazo zilikuwa ligi kuu. Mwezi wa Mei 2024 takwimu zao, zilizookotwa moja moja na watafiti katika magazeti ya zamani, ziliunganishwa na za wengine, na jina la Josh Gibson likapanda juu ya Ty Cobb katika orodha ya wastani wa upigaji. Desemba 2021 kamati nyingine ilimchagua Buck O'Neil. Tarehe 24 Julai 2022 aliingizwa rasmi katika Ukumbi wa Mashujaa. Ilipita karibu miaka 16 tangu afe, na aliyesimama kusema kwa niaba yake alikuwa mpwa wake.

Nilimweleza rafiki yangu mwalimu habari hizi zote kwa urefu, tukiwa tunakunywa chai. Alimwita yule mvulana, akamrudisha kwa babu yake, safari hii bila orodha. Alimwambia akae naye kutwa, amsaidie kazi yoyote anayoifanya, na asiulize mwaka wowote. Mvulana alikuta babu yake akitengeneza zizi. Walipigilia misumari pamoja hadi alasiri.

Karatasi ya pili ina kurasa kumi na moja. Inaanza na kiatu. Babu huyo, kumbe, alikuwa mshambuliaji wa timu ya kandanda ya vibarua wa shamba la mlowezi, na yeye na kaka yake walikuwa na jozi moja ya viatu kati yao. Kaka alivaa cha kushoto, babu cha kulia, kwa kuwa kila mmoja alijua mguu wake wa kupigia. Mwalimu amekwisha kutoa alama, lakini karatasi bado hajairudisha. Iko kwangu, nimefika ukurasa wa saba.